Aliyemwajiri Nyaboke

Marekani, 12 Agosti 2024

Mdogo wangu Nyaboke,

Mama ametoa amri nami natii. Amesema kwa kuwa mimi na wewe tukipigiana simu hatufikishi dakika tano kabla mmoja hajamkatia mwenzake, basi tuandikiane kwa barua pepe. "Barua haipandishi sauti," ndivyo alivyoniambia, kisha akanibariki na kukata simu yeye mwenyewe. Naanza mimi, maana ndiye mkubwa, na pia ndiye niliyekukatia mara ya mwisho. Nisamehe.

Sasa habari yenyewe. Tangu nilipoapishwa uraia mwezi wa tatu, nimekuwa nikihesabu siku kama mtoto anayengoja Krismasi. Novemba hii nitapiga kura! Na huku kwetu kura si ya viongozi tu. Kwenye karatasi hiyo hiyo kuna mapendekezo ya sheria, na raia wenyewe ndio wanaoyapitisha au kuyaangusha. Moja linahusu waajiri: atakayemwajiri mhamiaji asiye na kibali cha kazi atapigwa faini, na akirudia atanyang'anywa leseni ya biashara. Mimi naliunga mkono, tena kwa kelele. Nimesimamisha bango mbele ya nyumba, na jirani yangu ambaye kwa miaka mitano hajawahi kunisalimia amekuja kunipa mkono.

Usiniwazie vibaya. Unajua kampuni yangu ya usafi ilivyonitoa jasho. Nina watu kumi na mmoja, wote nimewadai karatasi kabla ya kuwapa fagio. Mwaka huu nimenyang'anywa majengo mawili na mtu anayeokota watu wasio na vibali na kuwalipa anavyotaka yeye. Sheria hii haimgusi mnyonge, inamgusa huyo anayemnyonya. Kama msemaji wetu wa kampeni anavyopenda kusema, kisima kikikauka ng'ombe watarudi zizini wenyewe. Nimeombwa niseme maneno machache kwenye mkutano wa mwezi wa kumi, mimi mhamiaji niliyefuata njia halali.

Nawe je? Mama anasema ulihamishwa vizuri kutoka kwa yule kafili wa Al Rayyan, mwajiri aliyekudhamini visa, sasa uko kwa muuguzi Mkenya na unalea mtoto wake. Nilifurahi sana. Ndiyo mfano nitakaoutoa mkutanoni, kwamba hata Qatar mtu akifuata utaratibu mambo yanakwenda.

Kaka yako,
Joram

&nbsp;

Muaither, Al Rayyan, 19 Agosti 2024

Kaka Joram,

Mama amekosea. Barua inapandisha sauti. Nimeisoma yako mara mbili na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Hivyo mimi ni ng'ombe? Nijibu hilo kwanza, ndipo tuendelee na salamu.

Nani alikuajiri wewe, Joram? Nyani haoni kundule, lakini wewe umezidi, wewe umesahau hata kwamba unalo. Visa yako ya masomo ilikufa ukiwa mwaka wa pili chuoni. Miaka mitatu ukaosha vyombo kwa yule mzee Mgiriki aliyekuwa akikuita George kwa sababu Joram lilimshinda. Macho ya Mama yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo barua zako nilimsomea mimi, neno kwa neno. Uliandika, "Mungu ambariki mzee huyu, haniulizi karatasi." Tulimwombea mezani. Mama anamwombea mpaka leo, na hajui kwamba mwanawe ameweka bango la kumfungia mzee huyo mkahawa.

Basi, kwa kuwa unataka kunifanya mfano mkutanoni, acha nikupe mfano wenyewe. Sikuhamishwa. Nilimdanganya Mama ili alale.

Mkataba wangu ulisema nyumba moja. Kafili, Abu Nasser, alikuwa nami asubuhi kwake, mchana kwa dada yake, jioni kwa mama mkwe. Nikawa naazimwa kama sufuria ya matanga. Pasipoti yangu aliifungia kabatini siku niliyofika. Nilipomwomba niende zangu nyumbani alisema nimalize miaka miwili kwanza, tena alisema akitabasamu. Siku moja asubuhi nikatoka na mfuko wa takataka, nikautupa pipani, nikaendelea kutembea. Kesho yake akaniandikisha polisi kuwa mtoro. Tangu hapo bataka yangu imekufa. Bataka ndicho kitambulisho cha huku, na ikifa huna daktari, huna benki, huna ruhusa ya kufanya kazi yoyote kwa mtu yeyote.

Sista Milcah alinikuta kanisani, kiti cha nyuma kabisa, na ndara za msalani miguuni. Ni muuguzi, kwao Bomet. Mumewe, Wesley, yuko kwenye mitambo ya gesi huko kaskazini na hurudi wikendi. Mtoto wao Melissa ana miaka minne. Milcah hakuniuliza karatasi. Aliniuliza kama nimekula.

Sasa sikiliza. Huku nako kumwajiri mtoro ni kosa. Nikikamatwa nyumbani kwake, yeye atapelekwa mahakamani, atatozwa faini, na kazi ya hospitali ataisahau. Anajua hivyo kila asubuhi anaponiachia funguo. Huyo ndiye mwajiri mnayemtafuta nyinyi na mabango yenu. Njoo umkomeshe.

Usimwambie Mama.

Nyaboke

&nbsp;

Marekani, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Barua yako imenikosesha usingizi siku tatu. Unipige mawe, lakini usiseme sijali.

Yangu ilikuwa tofauti. Nilikuwa kijana, niliteleza, na nilirekebisha. Nilikwenda kwa wakili, nikalipa, nikapigwa picha na alama za vidole, nikangoja. Mzee yule alinitendea wema, sikatai, na Mungu anajua ninavyomkumbuka. Ila wema wa mtu mmoja hauwezi kuwa sheria ya nchi. Sheria ni msumeno, na mimi nimekubali unikate nami.

Tena pendekezo letu si la kinyama kama unavyolichora. Limesema wazi kwamba mwajiri akionyesha alidanganywa, mfanyakazi alimletea karatasi za uongo, basi anaachiliwa na hatozwi chochote. Watu wa haki hawaguswi.

Linaloniuma ni jingine. Wewe umetoka kwenye nyumba ya watu bila kuaga, na ukoo mzima umekaa kimya. Unakumbuka Shangazi alipomkimbia mumewe? Baba hakumficha jikoni. Alichukua mbuzi akaenda kwa wale wakwe, akaomba radhi kwanza kwa niaba ya nyumba yetu, hata kabla ya kuuliza nani kakosa. Waliposikia ameshuka namna ile, nao walishuka. Mambo yakaisha kwa siku moja. Mtu akishakuja na uso wake, hasira ya mwenye nyumba hupoa. Nyumba yetu sasa haina Baba, ina mimi.

Nipe namba ya huyo Abu Nasser. Na uniambie unalala wapi hasa. Ni aibu nikiulizwa dada yako yuko wapi nijibu tu "Doha".

Kaka yako anayekupenda, hata ukimwita nyani,
Joram

&nbsp;

Muaither, 9 Septemba 2024

Kaka Joram,

Namba sikupi. Na usithubutu kuitafuta.

Abu Nasser si mkwe wetu. Hakunioa wala hakutoa hata mkia wa ng'ombe. Shangazi alikuwa na watoto kwa wale watu, walikuwa wanamtaka, na Baba alikuwa anakwenda kwa watu wanaokula ugali kama yeye. Huyu wa kwangu hataki kuombwa radhi. Anataka kadama wake, mtumishi wake wa ndani, basi, na kama hanipati anataka nijutie. Mbuzi wako atamchinja na wewe atakufungia nje.

Sasa nikueleze jambo, kwa sababu nimechoka kukukasirikia na kwa sababu ni jambo zuri. Milcah amenitafutia wakili, Msudani mmoja mzee anayewasaidia watu bila malipo Ijumaa baada ya swala. Amenisikiliza yote, ya pasipoti na ya kuazimwa nyumba tatu, akasema vyote viwili ni makosa ya kafili hata kwa sheria ya huku huku. Amenifungulia malalamiko. Tumeitwa tarehe 2 Oktoba. Tukikubaliwa, ule utoro unafutwa, bataka inafufuka, na Milcah ananiandika kihalali. Wakili ana sharti moja tu: nisikamatwe kabla ya siku hiyo. Mtoro anayekwenda mwenyewe kulalamika husikilizwa. Mtoro aliyekamatwa haulizwi kitu, anatafutiwa ndege. Kwa hiyo sitoki nje ya mtaa huu. Hata kanisani sijaenda wiki ya tatu sasa, Milcah ananiletea mahubiri kwa kuyasimulia vibaya.

Unaona, kaka? Ninaifuata hiyo njia halali yako. Ninaifuata nikiwa nimejificha, ndiyo tofauti.

Umeuliza ninalala wapi na hiyo ni haki yako, maana nikifa ni wewe utakayeulizwa. Ni jumba moja kubwa lililokatwa vyumba vingi, nyuma ya duka la mikate, geti la kijani, mlango wa pili kushoto. Nalala chumba kimoja na Melissa. Anazungumza usingizini, kwa Kikalenjin anapogombana na mtu na kwa Kiswahili anapoomba chakula. Majirani zetu wa ukuta mmoja ni akina Hadijah, Waganda, walinzi wa hoteli yeye na mumewe.

Siku ishirini na tatu tu. Niombee, na unyamaze. Kunyamaza ndiko ninakokutaka zaidi.

Nyaboke

&nbsp;

Marekani, 21 Septemba 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Nimeongea naye. Namba haikunishinda, iko kwenye mkataba wako wa kwanza ambao Mama ameuweka ndani ya Biblia. Nilimwambia nataka kuangalia tarehe, akamwita mtoto wa jirani anisomee mkataba wote. Mama hajui lolote.

Nyaboke, yule mtu si kama unavyomfikiria. Niliogopa, nakiri, nilisali kwanza. Nikajitambulisha kuwa mimi ndiye kaka mkubwa, nimesimama mahali pa baba yetu. Nikamwomba radhi kwa dada yangu kutoka nyumbani kwake bila kuaga. Akaniambia kwa Kiingereza kizuri kuliko changu kwamba tangu aanze kuajiri watu wa kwetu, hakuna hata ndugu mmoja aliyewahi kumpigia kwa heshima namna hiyo. Alinishukuru! Tukaongea karibu nusu saa. Ana binti anayesoma huku Marekani, akaniuliza habari za baridi.

Nikamwambia, bwana mkubwa, basi mwachilie. Mrudishie pasipoti yake yaishe. Akasema hana neno, hata leo yuko tayari, shida ni kwamba hajui ampelekee wapi. Dereva wake ataipeleka mlangoni. Nikaona sasa nikianza kumficha nitakuwa nimeivunja heshima yote niliyoijenga. Nikamweleza, geti la kijani nyuma ya duka la mikate, kwa muuguzi Mkenya anayeitwa Milcah. Nilimsifu sana Milcah, nikamwambia ni mtu wa Mungu.

Kwa hiyo hutahitaji hata kungoja tarehe 2. Ukiona dereva, mpokee vizuri, mpe chai. Nilijua mambo haya hayataki mawakili, yanataka mtu mzima wa kuzungumza.

Nijibu upesi unipe habari njema.

Joram

&nbsp;

Muaither, 6 Oktoba 2024

Bwana Joram,

Mimi na wewe hatujuani. Naitwa Milcah. Mimi ndiye mwajiri.

Dada yako aliacha barua zenu zikiwa wazi kwenye simu ya mkononi ninayomwachia nyumbani, na sikuona aibu kuzisoma. Nakuandikia kwa sababu najua yeye hatakuandikia kwa muda, na sitaki upate nafasi ya kujitungia hadithi.

Barua yako ya "nimeongea naye" aliifungua Jumapili tarehe 22, saa sita mchana. Nilikuwa zamu, na wodini kwetu simu inabaki kabatini. Nilipoitoa jioni nilikuta amenipigia mara kumi na nne. Hadijah na mumewe walikuwa kazini. Elewa jambo hili vizuri: alikuwa na karibu saa nne. Nguo zake alikuwa ameshazifunga, nilizikuta. Saa nne zinatosha kufika mpaka mji wa Al Wakrah na kurudi. Ila ndani kulikuwa na mtoto wa miaka minne, na hakukuwa na mtu wa kumwachia. Kwa hiyo alimwogesha, akamlisha, akamsuka nywele, akakaa. Saa kumi wakaja askari wawili pamoja na dereva wa Abu Nasser. Melissa ananiambia dereva alipewa chai.

Nilifika kituoni nikiwa na sare za kazi. Yule kafili alikuwepo, amekaa kiti kizuri, na pasipoti ya Nyaboke mkononi anajipepea nayo. Mbele ya afisa! Pasipoti ya mwanamke mzima, aliyoifungia kabatini kinyume cha sheria ya nchi yake mwenyewe, ameishika hadharani kama upepeo, na hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza ilifikaje kwake. Mimi niliulizwa. Niliulizwa maswali kwa saa mbili na nusu. Kwa nini nilimpa kazi, kwa nini nilimpa kitanda, kama najua adhabu ya kumhifadhi mtoro. Yeye walimwagizia karaki, ile chai yao ya maziwa.

Halafu wakamleta dada yako. Mkalimani akamuuliza kama mimi nilijua hana kibali. Akasema hapana. Alisema alinionyesha bataka ya mtu mwingine, akanidanganya mwezi baada ya mwezi, na mimi sikujua kitu. Alisema bila hata kunitazama. Baadaye, nilipozisoma barua zenu, nikaelewa alikoutoa uongo ule. Uliufundisha wewe, mwezi wa tisa tarehe moja, ulipokuwa ukimsifia sheria yenu. Mwajiri aliyedanganywa anaachiliwa. Alikisoma kifungu chako, akakiweka akilini, na siku ilipofika alikitumia kuniokoa mimi.

Nikaletewa karatasi inayosema nilidanganywa. Nina mtoto, Bwana Joram. Nina mume ambaye kibali chake na changu viko bega kwa bega. Nilitia sahihi. Nilimwita mwongo yule aliyebaki nyumbani kwa ajili ya mwanangu, nikaandika na tarehe. Hospitali wamenipa onyo la maandishi na zamu zangu zinaendelea. Yeye kosa la utoro likaongezwa la udanganyifu. Hataruhusiwa kukanyaga huku tena. Tarehe 2 wakili alikwenda peke yake, akaambiwa mlalamikaji ni mshtakiwa, faili limefungwa. Tarehe 3 wakampandisha ndege.

Nasikia mna pendekezo la kuwabana waajiri. Huku tunayo sheria kama hiyo tayari na nimeiona ikifanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyemfungia alikunywa karaki. Aliyemwajiri alitia sahihi akarudi kazini. Aliyekuwa anafanya kazi ndiye aliyebeba vyote. Kasome hayo mkutanoni kwako.

Sina hasira na wewe peke yako. Nyingine ni juu yangu mwenyewe, na ninalala nayo.

Milcah

&nbsp;

Marekani, 12 Novemba 2024

Nyaboke,

Hii ni barua ya tano ninayoianza. Nne nilizifuta kwa sababu kila moja nilijikuta ninajitetea.

Nilimwamini mtu kwa sababu alizungumza nami kwa adabu. Basi. Sina maelezo mengine. Uliniambia ninyamaze, ulinieleza kwa nini, na ulinipa siku. Mimi nikakuona bado ni yule mtoto niliyekuwa nikimvusha barabara ya lami.

Pendekezo limepita. Barua ya Milcah ilinikuta kura yangu imeshakwenda kwa posta. Ningependa kukuambia ningeibadilisha. Mkutanoni nilikwenda, nikapewa kipaza sauti, nikasema koo linaniuma, nikaketi. Watu walinipigia makofi hivyo hivyo.

Mwanasheria wangu ameniambia nikague upya karatasi za wafanyakazi wote kabla ya sheria kuanza. Juzi niliwaita. Collins, ambaye yuko nami mwaka wa sita, ndiye anayefungua ofisi asubuhi, alisema zake ziko kwenye gari anakwenda kuzileta. Tulimngoja. Funguo aliziacha mezani. Naapa sikujua, halafu nikisema "naapa sikujua" nasikia nilivyo.

Nataka kumwambia Mama ukweli. Nataka aujue kutoka kwangu, kwamba ni mimi niliyekupeleka mikononi mwa yule mtu. Nimekaa nikingoja ruhusa yako, maana sasa sijiamini kufanya jambo lolote linalokuhusu bila kukuuliza. Unakula vizuri? Nimetuma kitu kidogo kwa Mama, ukihitaji chukua.

Kaka yako,
Joram

&nbsp;

Nyumbani, Keroka, 24 Novemba 2024

Joram,

Nakula. Nimenenepa hata.

Ruhusa sikupi. Mama anajua hivi: nilikuwa nimetoroka, nikamdanganya kwa kumwonea huruma, na Abu Nasser akanitafuta mwenyewe mpaka akanipata. Alilia siku moja, akanisamehe, akanipa kuku. Wewe humo hauko kabisa, nami nimekutoa makusudi.

Usidhani nimekusamehe. Bado. Nikikumbuka Abu Nasser alivyojipepea na ile pasipoti kituoni, na nikikumbuka kwamba jambo hilo wewe uliliita heshima, natamani ungekuwa karibu nikurushie mwiko. Nimekutoa kwa ajili ya Mama. Baba hayupo, macho yake yamebaki ya kuona mwanga na kivuli tu, na mtoto wa kiume anaye mmoja. Kila jioni anakutaja kwanza kwenye maombi, kwa jina lote, na sauti yake inakuwa ya mtu aliyeshiba. Mimi sitakuwa wa kumwondolea hilo. Wewe pia hutakuwa. Ukitaka kutubu, tubu kwa kulibeba hilo kimya, maana kunyamaza ndiko ulikoshindwa.

Milcah amenipigia mara mbili. Mara zote mbili ameanza kulia kabla ya salamu. Nimemwambia angekataa kutia sahihi tungekuwa wawili ndani na Melissa nje, sasa faida yake nini. Ameshapata mtu mwingine wa kumlea mtoto, wa kibali kamili. Anasema Melissa hamtaki. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jana tulikuwa jikoni, namenya ndizi na Mama anachagua mboga kwa vidole. Akaniuliza, "Huyo Mwarabu wako alikuwa na simu?" Nikamwambia alikuwa nayo. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Mlimficha Joram ndiyo maana," akasema. "Mngemwambia Joram. Yule angempigia, angeongea naye kama mtu mzima, na leo ungekuwa kazini."

Nikamwambia ni kweli, Mama. Kisha nikaendelea kumenya, kwa sababu maji yalikuwa yameshachemka.

Nyaboke